Siku za mwisho za Idi Amin: serikali ilikufa kabla Kampala haijatekwa

Mzee wa Mwaloni (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Ukimuuliza mtu yeyote hapa Mwanza Amin alianguka lini, atakujibu Aprili 11, 1979, siku redio ya Kampala ilipotangaza kwamba hayupo tena. Mimi nabisha. Serikali yake ilikuwa imekufa wiki kadhaa kabla ya hapo, na sehemu kubwa ya kazi ya kuiua aliifanya yeye mwenyewe. Alijenga jeshi ambalo ofisa akimpelekea habari mbaya anahesabiwa kuwa msaliti. Basi habari mbaya zikaacha kufika. Vita ilipokuja ya kweli, mkuu wa nchi ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua kilichokuwa kinatokea nchini mwake.

Nitaweka vitu kwa vipande, maana niko dukani na wateja hawaishi. Mwenye kubisha abishe, lakini aje na hoja.

Ya mwanzo sitayarudia sana. Oktoba 1978 askari wa Amin walivuka mpaka wakaingia kwetu Kagera, Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni Uganda, na kesho yake Mwalimu akawaambia wananchi kwamba nia, sababu na uwezo wa kumpiga tunavyo. Daraja la Kyaka wakalilipua ili tusivuke.

Watu wengi wanasahau kwa nini alivamia. Mwaka ule nyumba yake ilikuwa inaungua kwa ndani. Makamu wake, Mustafa Adrisi, alipata ajali ya gari mwezi Aprili, ajali ambayo wafuasi wake hawakuiamini kabisa, na alipokuwa Misri kwa matibabu huku nyuma akavuliwa nyadhifa. Vikosi vikaanza kutazamana kwa macho ya pembeni, vingine vikaasi. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka na Marekani ikapiga marufuku kununua kahawa ya Uganda. Maofisa wa Kiacholi na Kilangi, ambao ndio walikuwa na uzoefu, alishawachinja tangu miaka ya 1971 na 1972. Waliobaki walipanda vyeo kwa undugu na kwa kupiga makofi. Mtu wa namna hiyo akibanwa nyumbani hutafuta ugomvi kwa jirani.

Nakuja na Lukaya. Hapo ndipo kila kitu kilipoonekana.

Kijana wa Nyegezi

Nipo siti ya mbele mzee. Shusha vitu.

Ng'wana Igoma

Mzee wa Mwaloni, hoja yako ni nzuri ila umeipamba. Amin aliangushwa na mizinga. Waganda wenyewe wanakumbuka yale maroketi waliyoyaita Saba Saba. Yakianza kulia, kikosi kizima kinatoka mbio. Uongo wa kupeana taarifa unahusikaje hapo?

Mzee wa Mwaloni

Ng'wana Igoma, Saba Saba nazijua, na siwezi kudharau mzinga. Lakini jiulize: jeshi lenye vifaru, ndege za MiG na miezi mitatu ya kujiandaa tangu tuwafukuze ng'ambo ya mto, kwa nini lilikuwa halina mpango wowote wa kulinda Masaka? Masaka ilianguka Februari 24, Mbarara kesho yake. Miji miwili mikubwa ndani ya siku mbili. Mpango haukuwepo kwa sababu kupanga ulinzi wa Masaka ni sawa na kukiri kwamba adui anaweza kufika Masaka, na nani angethubutu kumwambia hivyo?

Sasa Lukaya. Ukitoka Masaka kwenda Kampala barabara inakatiza kinamasi. Lami imeinuliwa juu ya tope, kushoto matete, kulia matete, gari likiharibika katikati hakuna pa kupishana. Brigedi yetu ya 201 ya Imran Kombe ndiyo iliyotangulia, na ndani yake mgambo walikuwa wengi, watu ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wanalima pamba na kutega nyavu. Machi 10 Walibya na askari wa Amin wakaja na vifaru na maroketi, na brigedi ile ikatawanyika. Nasema wazi kwa sababu simulizi zetu za ushindi hupenda kuparuka hapo. Vijana walikimbia, na njia ya kurudi Masaka ikabaki wazi usiku kucha.

Hawakuitumia. Wameshinda, barabara iko mbele yao, wanakaa. Hakuna aliyetoa amri ya kusonga.

Usiku huohuo Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini magharibi, ikapewa amri ya kugeuza. Ikatembea gizani, na alfajiri ya Machi 11 ikawatokea ubavuni, huku Kombe amekusanya watu wake anawapiga kwa mbele. Walibya zaidi ya 200 walibaki pale, na Waganda wa idadi kama hiyo. Luteni Kanali Godwin Sule, mmoja wa maofisa wachache wa Amin waliokuwa wanaijua kazi, naye akafa hapohapo. Baada ya Sule hakuna aliyejua nani anamwamuru nani.

Pigano kubwa kuliko yote ya vita ile lilikuwa hilo. Kuanzia siku hiyo hadi Kampala ni mwezi mmoja tu, na mwezi wenyewe ulikuwa wa watu kujiokoa.

Kijana wa Nyegezi

Hivi Walibya walifuata nini Uganda? Isije ikawa chai.

Mzee wa Mwaloni

Si chai dogo. Amin alivunja urafiki na Israel mwaka 1972 na kuhamia kwa Gaddafi. Vita ilipomwelemea, Gaddafi akampelekea askari. Wengi wao walikuwa wanamgambo, mafunzo haba, hawaijui nchi, wengine hawakuelezwa wanaenda kupigana na nani. Kilichonitia uchungu mimi, ingawa walikuwa adui, ni hiki: wakati Walibya wanapelekwa mbele, askari wa Amin walikuwa wanarudi nyuma kwenye barabara hiyohiyo na malori yaliyojaa mali walizopora kwa raia wao wenyewe. Malori ya kupeleka risasi mbele yakageuzwa ya kuhamisha vyombo kwenda kaskazini. Askari anayebeba kabati la mtu hawezi tena kushika bunduki, mikono imejaa.

Ukiona hivyo, unahitaji tarehe gani nyingine ya kuanguka?

Kirumba Senior

Mzee mwenzangu umegusa penyewe. Sisi tuliokuwa watoto hapa mjini tunakumbuka mahandaki. Shuleni kwetu tuliyachimba wenyewe, yakijaa maji ya mvua vyura wanahamia, king'ora kikilia unaingia na vyura. Usiku taa zimezimwa mji mzima, magari taa zimepakwa rangi nyeusi limebaki tundu dogo. Mama alitundika blanketi dirishani hata kama anawasha koroboi.

Wala haikuwa woga wa bure. Mwaka 1972, wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walipojaribu kuingia Uganda kutoka huku kwetu wakashindwa, Amin alituma ndege zikapiga mabomu Bukoba na hapa Mwanza. Kwa hiyo 1978 wazazi wetu walikuwa wanajua sauti ya ndege ya adui ikoje.

Tuelezee ile bomu ya Saanane, maana vijana wakienda kule siku hizi kupiga picha hawajui.

Mzee wa Mwaloni

Nilikuwa nakuja huko. Mwishoni mwa Machi 1979 Gaddafi alimpa Mwalimu saa 24 aondoe majeshi Uganda, la sivyo Libya itaingia vitani waziwazi. Askari wake walikuwa wameshauawa Lukaya wiki mbili nyuma, lakini ndiyo lugha ya wakubwa. Mwalimu akalijulisha taifa kwenye redio, na msimamo wetu juu ya Amin haukubadilika hata chembe.

Basi likaja dege la Tupolev Tu-22, aina inayopita kasi ya sauti, shabaha yake matangi ya mafuta hapa Mwanza. Ungefikiria walichagua vizuri: mafuta yakiwaka, malori yote ya upande wa ziwa yanasimama, na jeshi lililoko Mpigi linakosa chakula na risasi. Ila dege likakosa shabaha kwa mbali sana. Vilivyorushwa vikaangukia kisiwa cha Saanane, ambacho wakati huo kilikuwa pori la akiba la wanyama wachache, leo ni hifadhi ya taifa. Mfanyakazi mmoja akajeruhiwa kidogo, na wanyama kadhaa wakafa. Mchango wa anga ya Libya kwa Mwanza ni huo. Ndege zetu zikajibu kwa kupiga maghala ya mafuta upande wa Uganda.

Watu hucheka wakisikia habari ya Saanane. Mimi huwa nacheka nusu. Matangi yale yangepigwa, vita ingechukua sura nyingine na pengine mtaa mzima ungekwenda nayo.

Na kwa haki niseme na letu: mwanzoni mwa vita ndege zetu wenyewe tatu zilitunguliwa na mizinga yetu wenyewe pale Musoma, zikiwa zinarudi kambini Mwanza. Vita ina fujo kwa pande zote. Tofauti ni kwamba huku mtu aliweza kusema "tumekosea" akabaki na kichwa chake.

Mhaya wa Kashai

Wenzetu wa Mwanza mnajivunia wanyama wa Saanane! Wabeja sana, ila ukumbi si wenu peke yenu.

Sisi wa Kagera hatukusikia vita redioni. Waliingia nyumbani. Raia waliouawa wanakadiriwa kufika 1,500. Kiwanda cha sukari cha Kagera kilisombwa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, mashine zikapakiwa kwenye malori, kanisa la Kyaka limebaki gofu mpaka kesho na anayepita anaona. Watu walivuka mto kwa mitumbwi na watoto mgongoni kwenda kulala kwa ndugu na hata kwa wasio ndugu. Kwa hiyo mtu akiniambia Amin alikuwa ameshakufa kisiasa tangu 1978, namwambia maiti hiyo ilikuwa na meno.

Na nakubaliana na Ng'wana Igoma. Msitupunguzie askari wetu. Mtu aliyetembea kutoka Kyaka hadi mpaka wa Sudan kwa miguu, mnamwambia adui yake alishajiangusha mwenyewe? Mkamwambie pale Kaboya, Muleba, walikolala wenzake.

Mzee wa Mwaloni

Mhaya, hoja nzito na siikwepi. Sikusema ilikuwa rahisi. Kutoka Mutukula pale mpakani, iliyotekwa Januari 1979, hadi mpaka wa Sudan, uliofikiwa Juni 3, wale vijana walitembea sehemu kubwa kwa miguu, msimu wa mvua, na mzigo. Wengi wao hawakuwa askari mwaka mmoja nyuma. Jeshi letu lilikuwa kama 40,000, likapanuka haraka likafika kama 150,000 kwa kuita mgambo, polisi, magereza na JKT. Malori na mabasi yakachukuliwa mashirika ya umma na watu binafsi. Huku Usukumani watu walitoa ng'ombe, wengine bila kuombwa mara mbili. Meli ziliacha abiria wa kawaida zikabeba askari kwenda Bukoba na kurudi na majeruhi. Bandari yetu hii haikulala.

Ninachosema ni kwamba mizinga ileile ingekutana na jeshi linaloambiana ukweli, tungelipa maradufu. Hapo ndipo napoishia.

Nakku wa Mwaloni

Salamu wakubwa. Mimi ni mzaliwa wa Masaka, nimeolewa hapa Mwanza, nanunua dagaa hapohapo Mwaloni kwa mzee, anaweza kunikumbuka.

Tunaomba msisahau upande wetu. Kwetu wakombozi walipokelewa kwa ngoma na matoke, ni kweli, bibi yangu alikuwa akiwaita bakombozi mpaka anaingia kaburini. Lakini Masaka ilipigwa kwanza. Baada ya kutekwa, majengo mengi yalilipuliwa, na watu wa kwetu wanasema ilikuwa kisasi cha yaliyofanyika Kagera. Mbarara vilevile. Waliochinja Kagera hawakuwa watu wa Masaka. Tulikuwa tunauawa na haohao, kwa miaka minane.

Mhaya wa Kashai

Dada Nakku, pole. Hilo ni kweli na halina utetezi. Marehemu baba alikuwa huko, na Masaka hakupenda kuizungumzia.

Ng'wana Igoma

Turudi kwenye kuanguka kwenyewe. Swali langu la siku zote: kwa nini barabara ya Jinja iliachwa wazi? Kampala ilikuwa imezungukwa. Wangeiziba ile barabara ya mashariki, Amin angekamatwa, angeshtakiwa, asingeenda kula pensheni uarabuni. Kosa la karne lile.

Mzee wa Mwaloni

Hilo ndilo swali linalotenganisha wazee wa vijiweni, hebu tulivute.

Hali ilikuwa hivi. Mwisho wa Machi jeshi letu liko Mpigi. Kutoka vilima vile unaiona Entebbe, ndege za Libya zikitua na kuruka. David Musuguri, kamanda wa Divisheni ya 20, akaagiza mizinga ielekezwe huko. Amin alikuwa Ikulu ya Entebbe siku hizo, akapanda helikopta akakimbilia Kampala. Aprili 7 Brigedi ya 208 ikaiteka Entebbe. Dege la mizigo la Libya, C-130, likapigwa kwa roketi ya bega likiwa linajaribu kuruka. Walibya mamia waliuawa siku ile. Lililokuja kuwanusuru halikuondoka.

Musuguri, kwa wasiomjua, ni mtu wa kwetu upande wa Mara, Butiama. Alihudumu jeshi la Mwingereza, KAR, na Amin naye alitoka hukohuko. Kwa hiyo aliyekuwa anapiga mizinga alikuwa anamjua anayepigwa ni mtu wa aina gani. Amefariki Oktoba 2024 akiwa ameshavuka miaka 100.

Baada ya Entebbe mpango ukawa: 208 itokee Entebbe, 207 ya John Walden iingie kutoka kusini magharibi, 201 izunguke kuziba kaskazini. Mashariki paachwe. Uamuzi ule ulikuwa wa Mwalimu, na sababu yake kubwa ni Walibya. Ukiwafungia Walibya ndani ya Kampala, watapigana nyumba kwa nyumba kwa sababu hawana pa kwenda, raia watakwisha, na ukimaliza una mamia ya maiti za askari wa nchi ya Kiarabu na ugomvi mpya usiouhitaji. Kumbukeni OAU, umoja wa nchi za Afrika, ilikuwa haijamlaani Amin hata siku moja, na wapo viongozi wa Afrika waliokuwa wanatulaumu sisi kwa kuvuka mpaka. Mwalimu akawaachia mlango, wakatoka nao, na jeshi la Amin likatoka na mlango huohuo.

Kwa maoni yangu ndiyo sababu Kampala haikugeuka majivu. Kuna gharama, na gharama ilikuwa Amin mwenyewe. Ningeulizwa mimi ningelipa.

Ng'wana Igoma

Mimi nisingelipa. Mji unajengwa upya. Haki ikipita haijengwi.

Nakku wa Mwaloni

Unasema hivyo kwa sababu mji si wako kaka.

Kirumba Senior

😂😂 Ng'wana Igoma umekwisha leo.

Kijana wa Nyegezi

Mzee tupe usiku wa Kampala.

Mzee wa Mwaloni

Aprili 10 vikosi vikaanza kuingia. Kikosi cha 19 cha Luteni Kanali Benjamin Msuya kikawa cha mbele kufika katikati ya mji. Mapigano yenyewe yalikuwa madogo kuliko walivyotarajia. Tatizo kubwa lilikuwa njia. Kampala ni vilima na barabara zinazozunguka, na askari wengi walikuwa hawajawahi kukanyaga pale. Fikiria unateka mji mkuu wa nchi huku unauliza wapita njia makao makuu ya jeshi ni kilima kipi. Wenyeji wakawaongoza, wengine wakiimba, wengine wakiwapandia kwenye vifaru.

Kesho yake, Aprili 11, David Oyite-Ojok wa Kikosi Maalum, yaani wapiganaji wa Uganda waliokuwa upande wetu, akaenda kituo cha redio akatangaza kwamba utawala wa Amin umekwisha. Tamu ni inayofuata: Amin naye akajitokeza hewani kupitia mtambo mwingine akikanusha, akidai bado ni rais. Huyu ndiye mtu aliyekuwa amependekeza vita iishe kwa yeye kupigana ngumi na Mwalimu, Muhammad Ali awe mwamuzi. Ngumi alizijua kweli, alikuwa bingwa wa Uganda enzi za ujana. Hadi dakika ya mwisho aliamini nchi ni kile anachokisema kwenye kipaza sauti.

Halafu Nakasero. Ile ofisi ya usalama wake, State Research Bureau, ilipofunguliwa walikuta miili na wafungwa wachache waliokuwa bado hai. Waliouawa chini ya Amin wanakadiriwa kati ya 100,000 na 500,000. Hapo sina la kuongeza.

Waliokuwa karibu naye kila mmoja alitafuta njia yake. Bob Astles, yule Mwingereza aliyekuwa mshauri wake, alivuka ziwa hili hili letu kwa boti kwenda Kenya, akakamatwa na kurudishwa Uganda. Amin akapita Jinja, akaelekea kaskazini, kisha Libya. Jinja ikachukuliwa Aprili 22, na bwawa la Owen Falls likakutwa zima, jambo lililowapa watu pumzi maana umeme wa nchi ulitoka pale. Lira katikati ya Mei, halafu Gulu, halafu Arua, kwao kabisa. Askari wake wakaingia Sudan na Zaire.

Kampala yenyewe iliporwa vibaya siku zile. Walianza raia, na askari wetu nao wakaona redio na saa za bure. Hilo tusilifiche.

Binti wa Mgambo

Nimesoma kimya toka mwanzo. Baba yangu alichukuliwa mgambo akiwa mvuvi Ukerewe. Alirudi na redio moja, akaiita "ya Kampala", na sikuwahi kumuuliza aliinunua kwa nani.

Naomba kuuliza, hasara yetu sisi ilikuwa kiasi gani? Kila mwaka Julai 25 tunasikia hotuba za mashujaa, lakini mzee alihangaika na makaratasi ya kuomba malipo yake ofisi moja hadi nyingine, mpaka akaacha.

Mzee wa Mwaloni

Binti, mzee wako astahili heshima, na redio ile mwachie.

Kwa hesabu zinazotajwa, askari wetu waliokufa ni 373, na waliouawa katika mapigano yenyewe ni 96 tu. Waliobaki ni ajali za magari, maradhi na mengineyo. Idadi ile ya 96 huwa naitaja kila ninapobishana na watu wa Saba Saba, kwa sababu hakuna jeshi linaloteka nchi nzima kwa vifo 96 vya vitani kama upande wa pili kuna serikali iliyo hai.

Fedha, makadirio ni kama dola milioni 500. Kwa nchi yetu ya wakati ule, hilo lilikuwa pigo. Mwalimu akatuomba miezi 18 ya kufunga mkanda. Nani hapa anakumbuka iliisha lini?

Kirumba Senior

Haikuisha. Tulipanga foleni ya sabuni mpaka tukawa tunajuana kwa majina. Unaunga foleni kwanza, unauliza baadaye wanauza nini. Sukari kwa kibali, khanga kwa kibali, hata sanda ilikuwa kazi kupata. 1983 wakaja na msako wa wahujumu uchumi, watu hapa mjini wakatupa mali ziwani usiku.

Ng'wana Igoma

Na Uganda nao walipata nini? Yusuf Lule, aliyechaguliwa na Waganda wa uhamishoni pale Moshi mwezi Machi, aliapishwa urais Aprili 13 akakaa siku 68. Binaisa aliyemfuata hakufika mwaka. Halafu uchaguzi wa Desemba 1980, Obote kurudi, na Februari 1981 Museveni kaingia msituni. Mnasema mlango wa Jinja uliokoa Kampala. Uliiokoa kwa miezi mingapi?

Nakku wa Mwaloni

Hapo sasa umesema. Vita ya msituni ya Luwero ilikuja kutumaliza baadaye, na hakukuwa na Amin.

Mhaya wa Kashai

Ndiyo maana nasema angekamatwa. Mkiwa na kesi, mashahidi wanasema, majina yanatajwa, waliomsaidia wanajulikana. Badala yake kila mtu akavua gwanda akajichanganya. Amin kaishi Jeddah na familia yake mpaka kafa kitandani Agosti 16, 2003. Hakuna hakimu aliyemuuliza swali moja.

Mzee wa Mwaloni

Mwaka 1989 alijaribu kurudi, akafika Kinshasa, akatambuliwa, akarudishwa Saudia. Miaka kumi baada ya kukimbia, bado alikuwa anaamini kuna nchi inamsubiri. Mhaya, hapo kwenye kesi sikubishii sana. Lakini kesi unamfanyia mtu uliyemkamata, na kumkamata kulikuwa kunahitaji kuufunga mji wenye watu ndani. Mwenzio Nakku ameshakujibu.

Kuna mteja hapa anataka sangara kilo tano na anagombana na bei. Endeleeni, jioni nitapita.

Ng'wana Igoma

Jioni njoo na jibu la Lule mzee. Siku 68!